Kibali cha Siku Moja

Dhoruba ilipita usiku wa Jumanne.
Kulipokucha, mikaratusi mitatu ilikuwa imelala chali uani,
na mplamu wa mama umeng'oka na mizizi yake,
udongo bado umeung'ang'ania.

Sikuwasha kitu.
Nilivaa glavu za marehemu Ovidio, zinanipwaya,
nikakokota matawi hadi katikati ya shamba la viazi,
mbali na ghala, mbali na uzio,
mbali na waya wa umeme unaoning'inia kwa Casilda.
Plastiki pembeni. Vigae pembeni.
Mlango wa banda la kuku nao pembeni:
rangi yake ya zamani ikiungua ni sumu.
Si kila kilichoangushwa na upepo ni kuni.

Nikaacha wiki tano zipite.
Tawi bichi halichomeki, hulia tu,
likajaza bonde zima moshi wa kisirani.

Kisha nikapiga simu ofisi ya misitu.
Binti akauliza jina. Nikalitaja lote,
Sabela, binti Nemesio.
Akanyamaza.
Hapa kwetu Galisia, bonde hili,
hata waliozaliwa baadaye wanalijua jina la baba:
rundo la matawi ya mizabibu, alasiri ya upepo,
petroli kikombe kimoja,
"naingia ndani dakika mbili, kahawa inachemka."
Mlima ukawaka siku nne.
Aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ongo;
sisi tukaogopa kiberiti, miaka kumi na tisa.

"Ijumaa," akasema binti. "Asubuhi, hadi saa nane mchana.
Upepo ukiinuka, zima. Na usiondoke."
"Sitaondoka."
Nililitamka neno hilo taratibu,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu ndogondogo.

Ijumaa, ukungu. Jani halitikisiki.
Nilipalilia duara, hatua tatu kwa upana,
hadi udongo ukabaki uchi.
Mapipa mawili ya maji, mpira, reki, sepetu.
Halafu nikalihamisha rundo lote, tawi kwa tawi,
likae upya ndani ya duara,
maana chini ya rundo la wiki tano kuna wapangaji.
Naam: kalunguyeye, mviringo wa miiba na majani makavu,
amelala usingizi wa masika yajayo.
Nikambeba kwa kofia ya Ovidio
hadi chini ya ukuta wa mawe.
Hakuamka. Kofia ikatoboka.

Moto nikauanza mdogo, wa kupikia chai,
nikaulisha kidogokidogo
kama mgonjwa anayerudiwa na hamu ya kula.

Pazia zikasogea ng'ambo.
Kisha akaja Amaro, hakubisha hodi,
bomba la kunyunyizia maji mgongoni, limejaa.
Amaro wa ng'ombe kumi na mmoja.
Ng'ombe wale hawakutoka zizini mwaka ule wa moto.
Akasimama upande wa pili wa duara,
asinisalimu, asiuangalie uso wangu,
aliangalia moto tu.
Saa moja. Saa mbili.
Nilitaka kusema jambo, nikatupia tawi.
Nilitaka tena, nikatupia jingine.

"Cheche," akasema. "Kushoto kwako."
Nikaikanyaga.
Ndiyo maneno aliyonipa siku nzima,
na sijawahi kupewa mengi kuliko hayo.

Saa saba tulianza kumwaga maji.
Nikakoroga majivu kwa sepetu, tope jeusi likatoa mvuke,
nikamwaga tena, nikakoroga tena,
hadi nilipoweka mgongo wa mkono
pale ambapo kiini cha moto kilikuwa,
na pakawa baridi kama kaburi la mtu wa zamani.

Kisiki cha mplamu sikukichoma. Sijui kwa nini.
Kimeegemea ukuta, karibu na kalunguyeye.

Amaro alikwisha kuondoka.
Bomba lake akaliacha langoni, limejazwa upya.
Hakusema nilirudishe lini.